Nani Atatoa Majivu

Nilifanya kazi na Irja Piiroinen miaka kumi na moja, tukizunguka na magari ya halmashauri kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwavisha zile soksi za kubana miguu. Sikuwahi kumsikia akisema hapana. Mimi ndiye niliyekuwa napanga zamu, na mtu akiumwa, namba ya kwanza kuipiga ilikuwa yake. "Irja, Jumapili unaweza?" Kimya kidogo, halafu, "Haya." Mara nyingi nilikuwa nimeshaliandika jina lake kabla hajajibu. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba katika haya ninayosimulia, nami sehemu yangu imo.

Nyumba yao iko kwenye barabara inayoshuka ziwani, upande huu wa Lieksa. Baba yao, Eino, aliijenga mwaka sabini na tisa akiwa na mabinti wawili, akaigawa katikati kwa ukuta. Mashariki Irja, magharibi mdogo wake Taimi. Milango miwili, majiko mawili ya matofali, lakini boila moja tu, chini ya upande wa Irja, la kuchemsha maji yanayozunguka kwenye rejeta za ukutani huku na huku. Boila hilo lilitumia mafuta. Eino alipofariki mwaka tisini na nane, kazi ya boila ikawa ya Irja bila mtu yeyote kuitamka. Yeye ndiye aliyesugua masizi, aliyetoa hewa kwenye mabomba, aliyepima tangi kwa fimbo, aliyeagiza mafuta na kuzoa theluji ili lori lipite. Taimi alilipa nusu yake. Akisikia baridi, aligonga ukuta mara mbili kwa kisigino cha kiatu.

Taimi si mtu mbaya. Alikuwa karani wa ofisi ya kanisa, ana sauti nzuri na anaimba kwaya mpaka leo. Aliolewa akaachika, akarudi upande wake wa nyumba. Mama yao alipolala kitandani miaka sita, Taimi alileta maua na keki kila Jumapili. Irja ndiye aliyemgeuza mama.

Basi mwaka 2022, Jumanne ya mwisho ya Septemba, Irja alishuka asubuhi kama kawaida akakuta maji yametanda chini ya boila, rangi yake kama kahawa iliyolala. Alikuwa na miaka sitini na minane. Akaweka beseni, akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi kwa muda, kisha akampigia Tarmo, fundi wa mabomba.

Tarmo alifika mchana, akalala kifudifudi na tochi mdomoni. Alipoinuka alikuwa anatikisa kichwa.

"Hili limekwisha, mama Irja. Chuma kimeoza kwa ndani. Nikiziba hapa litavuja pale."

"Halitafika hata Aprili?"

"Nikikwambia litafika nitakuwa nakudanganya."

Aligeuza ndoo akaikalia. "Sasa sikiliza. Ukitaka mafuta, boila jipya la mafuta naliweka kwa siku mbili. Ila tangi lenu lina umri wa nyumba. Likikaguliwa sina hakika litapita. Na bei ya mafuta mwaka huu unaijua."

"Naijua."

"Ukitaka punje za mbao, tangi tunalikata vipande tunalitoa, mahali pake tunaweka kihenge cha punje. Umeziona? Unga wa msumeno ulioshindiliwa, kama chakula cha kuku. Zinatengenezwa mkoa huu huu. Na serikali inakuchangia ukiachana na mafuta. Joto ni lile lile."

"Na umeme?"

"Umeme, kwa bei zinazotajwa za majira ya baridi yanayokuja, tusiutaje hata."

"Basi punje. Ila nini? Naona kuna ila."

Tarmo alijikuna shingo. "Ila punje zinataka mtu. Mafuta ukishayajaza unayasahau. Punje, kila wiki majivu. Kila mwezi unasugua ndani. Vumbi likizidi, ile skrubu ndefu inayosukuma punje kwenda motoni inakwama, unafungua kifuniko, unaingiza mkono. Kazi si kubwa. Mtu ambaye hajachoka hata haioni."

Irja alicheka kwa pua. Akamwomba aandike bei za vyote viwili kwenye karatasi mbili.

Jioni ile, baada ya kumpa mdogo wake habari kwa simu, alivuka ua kwenda kwake. Taimi alikuwa ametandika meza: kahawa, siagi ya mayai, na vile vikate vyetu vyenye uji wa wali ndani. Alikuwa pia ameshaamua.

"Punje," akasema kabla hata ya kumimina kahawa. "Kwa Sylvi wa kwaya waliweka mwaka jana. Dada, ukishuka kule chini kwao kunanukia kama karakana ya seremala. Si kama uvundo wako ule wa mafuta."

"Uvundo wangu?"

"Ukipita mtu anafikiri lori limeegeshwa mlangoni. Nakwambia kwa sababu nakupenda."

Irja alikata kikate chake vipande vinne, hakula hata kimoja. "Mimi naona mafuta."

"Kwa sababu gani?"

Hakuwa na sababu ya kuiweka mezani. Taimi alikuwa nazo zote. Mafuta yalikuwa yamepanda kupita kiasi. Hela inayolipwa kwa mafuta inakwenda mbali, tena kwa watu wanaopigana vita, na hela ya punje inabaki kwa watu wa viwanda vya mbao tunaowafahamu kwa majina. Msitu umetuzunguka pande zote. Tangi limechakaa. Irja alisikiliza, na kila neno lilikuwa kweli.

"Tatizo lako umezoea," Taimi akamaliza. "Unaogopa kitu kipya kama baba alivyoiogopa simu."

"Nani atatoa majivu?"

"Majivu gani?"

"Ya punje. Kila wiki."

Taimi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Si wewe? Kule chini wewe ndiye umezoea."

Irja alisuuza kikombe chake, akakifunika juu ya kitambaa, akashukuru kwa kahawa, akaenda zake.

Siku tisa zilipita. Majiko ya matofali yaliwashwa kuni asubuhi na jioni, na kila upande ukanunua kipasha joto cha umeme cha kuweka miguuni. Vyumba vya kulala vilikuwa baridi kama ghala. Taimi akipiga simu, Irja alisema, "Bado nafikiri." Tarmo akipiga, alisema hivyo hivyo.

Jumamosi nilikwenda kumwona, maana nilisikia habari dukani. Nilimkuta amekaa mezani na kofia ya sufu kichwani, karatasi mbili mbele yake.

"Kaa karibu na jiko," akasema.

"Umechagua?"

"Nikiitazama hii naona ndoo ya majivu. Nikiitazama hii naona uso wa Taimi kila mafuta yakiletwa. Nikifumba macho ndiyo naona vizuri."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikunja ncha ya karatasi, akaikunjua.

"Ngazi zile nimezishuka miaka ishirini na minne," akasema. "Wala sikuzichukia. Nilikuwa nashuka tu. Sasa nimeambiwa kwamba nimezoea, na tangu siku hiyo miguu imekataa. Nafika mlangoni, nageuka."

"Mwambie basi."

"Nimwambie nini? Kwamba nimechoka? Atasema nipumzike."

Nami nilikuwa na neno hilo hilo mdomoni. Nililimeza. Nilikumbuka Jumapili zangu zile, nyingi mno, na yeye akiingia ofisini saa kumi na mbili asubuhi na theluji mabegani kuchukua funguo za gari.

"Hata mimi nilikuwa nakuita kila mara," nikasema.

"Ulikuwa unaniita," akasema. Hakuwa na hasira. Akanisogezea bakuli la sukari.

Jumatatu barafu ya kwanza iliganda kwenye mapipa ya mvua. Taimi alivuka ua na ndara, koti amelivaa juu ya gauni la kulalia, akaingia bila kubisha.

"Dada, nimevaa soksi tatu. Tarmo sasa ananipigia mimi. Anasema watu wote wa wilaya hii wamegutuka pamoja, na tusipojibu kufika Ijumaa atatupeleka Februari. Unataka mafuta? Weka mafuta. Siwezi kuganda kwa ajili ya ukaidi wako."

"Weka unachotaka," Irja akasema. "Mafuta, punje, mavi ya ng'ombe. Mimi chini sishuki tena."

Taimi alicheka. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimechoka, Taimi. Wala si uchovu wa leo. Nimechoka tangu mama."

Taimi alikaa kwenye benchi la viatu pale mlangoni. Ndara zilikuwa zimelowa, zikiacha maji sakafuni. Halafu akasema jambo ambalo Irja hakulitarajia.

"Nilishuka, unajua. Ule mwaka baba alipofariki. Nilinunua glavu za njano. Nikakukuta unasugua masizi, nikakuomba brashi. Ukasema naishika kama kijiko cha supu, niende juu nisijichafue. Mwaka uliofuata nikashuka tena, ukaniambia vile vile. Sikushuka tena."

Irja alikuwa amesahau kabisa, na sasa alizikumbuka hata zile glavu, jinsi zilivyokuwa safi.

"Ulikuwa unaishika kama kijiko cha supu kweli," akasema.

"Sawa. Lakini ningejifunza. Miaka ishirini na minne, hata mbwa angejifunza."

Sisi huku si watu wa kukumbatiana. Irja aliinuka, akaleta soksi kavu, akamtupia mapajani. Taimi akavaa.

"Kama ni punje," Irja akasema, "majivu ni yako."

"Yangu."

"Ikikwama, ni yako."

"Yangu."

"Na mimi nikiona unakosea, nitanyamaza."

"Hilo," Taimi akasema, "sitaliamini mpaka nilione."

Hivyo ndivyo punje zilivyochaguliwa. Tangi lilikatwa vipande, likatolewa kupitia dirisha la chini, na harufu ya mafuta ilikaa nyumbani wiki nzima hata kwenye mikate. Boila jipya liliwashwa katikati ya Novemba. Sasa punje zenyewe zikawa shida. Lori la kumimina kwa bomba lilikuwa na foleni mpaka baada ya mwaka mpya, kwa hiyo walichopata ni mifuko, mifuko sitini na minne ya kilo kumi na sita, iliyoshushwa uani chini ya turubai. Taimi aliibeba mmoja mmoja hadi chini kupitia mlango wa uani, ameukumbatia kama mtu anayemsaidia mlevi kushuka ngazi. Alipumzika kila baada ya mifuko mitatu. Irja aliona yote kutoka dirishani. Aliniambia ilibidi aikalie mikono yake, na alinionyesha alivyoikalia.

Wiki ya pili ya Desemba baridi ilishuka hadi nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Saa nne asubuhi ukuta uligongwa mara mbili. Kisha simu ikalia.

"Dada, limezima. Linaandika herufi na namba."

"Mpigie Tarmo."

"Tarmo yuko Nurmes, juu ya paa la mtu."

"Ana simu mfukoni."

"Dada."

"Mpigie Tarmo, Taimi."

Irja alikata simu, na huo, aliniambia, ulikuwa mzigo mzito kuliko mifuko yote sitini na minne. Boila lilikuwa chini ya sakafu yake, kwa hiyo alisikia kila kitu. Alimsikia Taimi akishuka, akiangusha spana, akisukuma kitu kinachokwaruza. Alimsikia akiongea na Tarmo kwa simu aliyoiweka chini sakafuni, kila mmoja akipaza sauti. Kwa mlio wa bati tu alijua kwamba mdogo wake anafungua kifuniko ambacho sicho. Akainuka, akaenda mpaka kwenye mlango wa ngazi, akashika kitasa. Kitasa kilikuwa baridi. Akakiachia, akarudi kukaa, akavaa sweta la pili juu ya la kwanza.

Kufika saa sita chumba kilikuwa nyuzi kumi na tano. Taimi huko chini alianza kuimba, si kwa furaha, ile sauti ya pili ya wimbo wa Krismasi, anaupiga kama mtu anayepiga misumari. Kisha kimya. Kisha matusi mawili ambayo Irja hakujua kwamba karani wa kanisa anayajua. Kisha mngurumo mdogo wa feni, na sauti ya punje zikidondoka moja moja juu ya chuma.

Rejeta zilipata moto saa nane. Taimi alipanda, akaingia kwa Irja bila kuvua viatu. Nywele zimejaa vumbi la mbao, mkono mmoja umechubuka mpaka kwenye kiwiko.

"Kilikuwa kibonge cha vumbi," akasema. "Kigumu kama jiwe. Nimekitoa kwa mwiko wa uji."

"Mwiko upi?"

"Wako. Ulikuwa kwenye rafu kule chini."

"Huo ni wa rangi."

"Basi sasa ni wa punje."

Walikunywa kahawa. Irja alimfunga mkono kwa bandeji, haraka na vizuri, kama alivyowafunga watu maisha yake yote, na hakusema lolote kuhusu kifuniko kile. Aliniambia yale masaa manne yalimchosha kuliko miaka yote ya kusugua masizi.

Sitasema kila kitu kilikwenda sawa. Januari Taimi alimwaga majivu kwenye boksi la karatasi, akaliacha barazani, na ndani yake kulikuwa na kaa moja hai. Boksi likaanza kufuka moshi. Alilipiga teke likaangukia theluji. Irja alitokea mlangoni, akatazama, akasema maneno mawili tu, "Ndoo ya bati," akafunga mlango. Punje nazo zilipanda bei majira yale yale, hivyo faida waliyoitarajia ikawa ndogo, na Taimi akaacha kumtaja Sylvi. Badala yake sasa yeye ndiye anayewasimulia wanakwaya habari za majivu, skrubu na vumbi, kwa kirefu, kana kwamba punje zilianza kuungua siku alipozishika yeye. Irja humsikiliza bila kuinua macho.

Ila nilidhani, na nafikiri hata yeye alidhani, kwamba akiacha kushuka ngazi zile uchovu utamtoka. Haukutoka. Tena ulizidi, kana kwamba ulikuwa unangoja nafasi. Alikuwa anakula chakula cha mchana, analala, anaamka amechoka vile vile. Alikwenda kituo cha afya, wakampima damu, wakampima moyo, hawakuona kitu. Daktari akamwuliza anafanya kazi gani nyumbani. Akasema, "Siku hizi hakuna." Daktari akasema basi vizuri.

"Labda deni hili la uchovu halilipwi kwa miezi michache," aliniambia tulipotoka, maana mimi ndiye niliyempeleka kwa gari. Kisha akaniomba tupite dukani kununua maziwa, na akasubiri ndani ya gari niyanunue mimi. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akikubali kusubiri ndani ya gari.

Aprili, theluji ilipoyeyuka na barabara zikaanza kuonyesha kokoto, lori la punje lilifika hatimaye kutoka Joensuu. Nilikuwa kwa Irja siku hiyo, nimeleta samaki. Taimi alisimama uani na fulana ya kung'aa aliyoinunua kwa kazi hiyo tu, akimwongoza dereva arudi nyuma, kushoto, kushoto tena, dereva akimwitikia "Ndiyo, bosi" kila mara. Walichomeka bomba ukutani, na tani nne za punje zikaanza kumiminika kwenye kihenge chini ya sakafu yetu. Ilikuwa kama mvua ya mawe ndani ya nyumba. Vikombe vilitetemeka mezani, na nikasogeza changu kisianguke.

Nilipogeuka kumwambia Irja neno, alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa kimeegemea pembeni, mdomo wazi kidogo. Kelele ile ilichukua nusu saa. Niliketi nikimtazama, nikijua kwamba ataamka wakati wowote na kuuliza kama Taimi amekumbuka kuzima feni ya boila. Lori lilimaliza, likaondoka. Taimi akachungulia mlangoni, nikaweka kidole kwenye midomo yangu kumwashiria anyamaze, akavua viatu. Tukamenya viazi kimya kimya, yeye na mimi, na ilipofika saa tisa Irja alikuwa bado amelala, akikoroma taratibu.